Kinyama Kwanza, Kisu Baadaye

Hotuba kwa vikundi vya akina mama, familia zao na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Manispaa ya Tabora

Ndugu zangu, mwangaluka.

Tunamsalimu mgeni rasmi, viongozi wa vikundi, mama zetu mlioamka alfajiri kutoka Sikonge, Urambo na Uyui, na akina baba mliokubali kuketi katika mkutano ambao wengi hudhani ni wa wanawake peke yao. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume. Na wale 99 waliobaki, wengi wao huambiwa "nenda" au "ngoja kwanza" na mwanamume aliyeshika nauli. Baba zetu, mmefika mahali penu.

Dalili mmezisikia redioni mara nyingi, hatutazirudia kwa kirefu: uvimbe usiouma, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, majimaji yenye damu, mtoki kwapani usioisha. Lisilosemwa sana ni yale yanayofuata baada ya daktari kutamka neno lenyewe. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mama anatoka kliniki na karatasi mkononi, hajui ataanza na kisu au na dripu ya dawa za saratani, hajui mionzi ni nini, jirani anamwambia "ukikatwa inasambaa", na wiki tatu baadaye hayupo tena kwenye orodha. Leo tunataka kila aliyeketi hapa ajue matibabu yapo ya aina gani, kipi hutangulia na kwa sababu gani.

Tuanze na hili: saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Mkulima wa Urambo hapulizi dawa kwenye tumbaku kabla hajageuza jani akamwona mdudu mwenyewe, maana dawa ya mdudu mmoja haimgusi mwingine. Titi nalo liko hivyo hivyo. Wanawake wawili wa mtaa mmoja, umri mmoja, uvimbe wa ukubwa mmoja, wanaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Kinachowatenganisha hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa vidole. Kimo ndani ya kipande cha nyama kinachopelekwa maabara, kile ambacho sote tunakiita kinyama. Ndiyo maana tunasema kinyama kwanza, kisu baadaye.

Kinyama huchukuliwaje? Daktari anachoma ganzi kwenye ngozi, anapasua tundu dogo la milimita chache, kisha anaingiza sindano nene yenye chemchemi ndani yake. Utasikia mlio kama wa stepla, usishtuke. Kila mlio unatoa kijinyama chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, chenye urefu wa sentimita moja au mbili. Huhitajika vipande vitatu au vinne, wakati mwingine zaidi. Baadaye unabanwa kwa pamba kama dakika 10 ili damu isivilie ndani, unafungwa bandeji, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ipo pia sindano nyembamba inayofyonza majimaji na chembe chache. Hiyo inaweza kusema "zipo chembe za saratani", lakini mara nyingi haitoshi kusema ni saratani ya aina gani. Ukichomwa nyembamba, uliza kama nene nayo itafuata.

Hofu kwamba sindano inaichokoza saratani ikasambaa tunaijua, na tunajua ilikotoka. Mtu amekaa na uvimbe mwaka mzima, anakwenda kupimwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mapafu, anafariki miezi miwili baadaye, watu wanahesabu kuanzia siku ya sindano. Walipaswa kuhesabu kuanzia siku uvimbe ulipoonekana. Sindano ya kupimia haifupishi maisha ya mgonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wahudumu wa afya na ndugu mnaobeba sampuli, kwa sababu hapa ndipo panapoharibika na hakuna anayeona. Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza, hata kama ni kidogo namna gani. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ndani ya saa moja. Formalini iwe nyingi, mara 10 ya ujazo wa nyama yenyewe. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla ya kutengenezwa maabara. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au kwenye kikopo kilichojaa nyama na formalini kidogo juu yake, au kikipita siku tano kwenye basi na joto la Oktoba, mtaalamu wa patholojia anaweza bado kuiona saratani, ila vipokezi vya homoni, yaani vishikio ambavyo homoni hupitia kuilisha saratani, vinakuwa vimeharibika. Anaandika "hakuna". Mama aliyestahili kidonge cha bei nafuu kinachozuia saratani isirudi anakikosa kwa sababu ya kikopo. Titi zima lililotolewa nalo lisitumbukizwe tu kwenye ndoo likafunikwa. Formalini hupenya polepole sana, kwa hiyo titi hukatwa vipande kufuatana na utaratibu wa maabara ili dawa ifike katikati. Kila kikopo kiandikwe jina, umri, upande wa titi, tarehe na saa. Na wewe mgonjwa au ndugu, usiondoke bila namba ya sampuli na siku ya kufuata majibu.

Lipo kosa jingine baya kuliko hilo. Uvimbe unatolewa kama jipu, kwa kuwa "unaonekana mdogo tu", na nyama inatupwa. Miezi sita baadaye uvimbe umerudi palepale, hakuna anayejua ulikuwa nini, na kovu limeharibu mpango wa upasuaji sahihi. Mtu akikuambia atakutoa uvimbe wa titi, muulize: "Nyama itapelekwa maabara gani?" Akisema haina haja, ondoka kwa heshima, utafute kwingine.

Majibu yakirudi, yatafuteni mambo manne kwenye karatasi. La kwanza ni aina na daraja la saratani, yaani inakua kwa kasi gani. La pili na la tatu ni vipokezi vya estrojeni na projesteroni, vinavyoandikwa ER na PR. Vikiwa asilimia 1 au zaidi, kwa kawaida vinahesabiwa kuwa vipo, na dawa za homoni zinafikiriwa. La nne ni HER2, protini inayoisukuma saratani ikue haraka, inayoandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+, ipo. Ikiwa 2+, jibu bado halijakamilika, linahitaji kipimo kingine. Yote matatu, ER, PR na HER2, yakiwa hasi, dawa za homoni hazitasaidia na uzito wa matibabu unaegemea dripu. Karatasi hiyo ni mali yako. Itolee nakala tatu, uipige na picha kwa simu. Faili la hospitali likipotea, nawe huna nakala, unaanza upya.

Pamoja na kinyama huja hatua ya ugonjwa. Uvimbe usiozidi sentimita 2, upana wa ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima, ni mdogo. Ukizidi sentimita 5, karibu na yai la kuku, ni mkubwa. Ukishika ngozi au ukuta wa kifua, au ngozi ikapasuka kidonda, ni hatua ya mbele hata kama uvimbe wenyewe si mkubwa. Kwapani nako hupimwa. Kama kuna shaka kwamba ugonjwa umesafiri mwilini, huangaliwa mapafu, ini na mifupa.

Baada ya hapo ndipo mpango hupangwa. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi huanza kisu. Ukiwa mkubwa au umeshika ngozi, huanza dripu ili upungue, kisha kisu. Wengi hulalamika: "Nimefika na titi limevimba, wamekataa kunikata, wananitia maji tu." Hawajakukataa, mama. Titi lililoshikamana na ngozi likikatwa siku hiyo, kidonda kinaweza kushindwa kufunga na saratani ikabaki pembeni mwa mkato. Dripu hulilegeza kwanza.

Kwenye kisu kuna njia mbili. Moja ni kutoa uvimbe pamoja na kingo za nyama nzima kuuzunguka na kubakiza titi. Ya pili ni kutoa titi lote. Watu wengi hudhani kutoa lote ndiyo salama zaidi, na zamani madaktari nao waliamini hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 walikata mpaka misuli ya kifua. Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia waliwafuatilia wanawake kwa miaka 20 na kutoa majibu mwaka 2002: waliobakiziwa titi wakapata mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi lote. Lakini shikeni neno "wakapata mionzi", yaani miale ya mashine inayoua chembe za saratani zilizobaki. Katika utafiti wa Fisher, waliobakiziwa titi bila mionzi, saratani iliwarudia kwenye titi lile lile 39 kati ya 100. Waliopata mionzi ilikuwa 14 kati ya 100. Kwa hiyo ukikubali kubakiza titi, umekubali na mionzi, na mionzi haipo mtaani. Ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Nzega na Shinyanga, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kama unajua moyoni kwamba hutaweza kwenda kukaa huko wiki kadhaa, mwambie daktari wa upasuaji kabla hujaingia thieta. Hapo kutoa titi lote laweza kuwa chaguo bora kwako, na si aibu. Ila hata aliyetolewa titi lote huhitaji mionzi kama uvimbe ulizidi sentimita 5, kama ulishika ngozi, au kama tezi nne au zaidi za kwapani zilikutwa na saratani.

Baada ya kutolewa titi utaamka na mpira mmoja au miwili ikitokea ubavuni na kuingia kwenye chupa. Kazi yake ni kutoa majimaji yasijikusanye chini ya ngozi. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote. Ukiiinua juu, majimaji hurudi ndani na kuleta maambukizi. Pima kila saa 24, andika kwenye daftari. Kwa kawaida mpira hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, na hilo huchukua wiki moja hadi mbili. Yakikatika ghafla huku ngozi ikivimba, mpira umeziba. Rudi hospitali, usiukamue wala kuuchomoa mwenyewe.

Mkono nao unataka kazi. Siku ya pili tu baada ya upasuaji anza kukunja na kukunjua vidole, kukunja kiwiko, kupeleka mkono mdomoni. Mpira ukishatoka, simama ukitazama ukuta na upandishe vidole taratibu kama mjusi, kila siku juu kidogo, uweke alama ya mkaa palipofikiwa. Kuna sababu kubwa: wakati wa mionzi utalazwa mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Bega lililoganda haliruhusu, na tumeona mionzi ikiahirishwa kwa ajili ya bega. Waliotolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Vaeni glavu mnapopalilia au kuokota kuni, osheni hata mkwaruzo mdogo kwa sabuni, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto, siku hiyo hiyo kituoni. Ndoo ya lita 20 isubiri kama wiki 6, halafu anza na lita 5. Mkono hautakiwi kufugwa bila kazi milele, unazoeshwa polepole.

Kama dripu zinafuata upasuaji, zianze ndani ya wiki chache. Zikivuka siku 90, nafasi ya kupona inapungua. Tunawaomba sana, msisubiri malipo ya tumbaku ndipo muende.

Sasa hizo dripu, yaani tibakemikali. Mpango unaotumika sana huanza na dawa mbili, doksorubisini na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21, mara nne. Baadaye paklitakseli kila wiki kwa wiki 12, au kila wiki tatu mara nne. Kwa jumla ni kama miezi sita. Kipimo hutokana na eneo la mwili, ambalo hukokotolewa kwa urefu na uzito. Mama wa sentimita 160 na kilo 60 ana eneo la karibu mita za mraba 1.63, kwa hiyo hupata doksorubisini miligramu 98 hivi na siklofosfamidi miligramu 980. Ndiyo maana unapimwa uzito kila safari. Kupimwa huko si mazoea tu. Kama umepungua kilo 8 na hakuna aliyepima, dawa itakuzidi.

Kabla ya dripu ya kwanza kuna vipimo visivyorukwa: damu, ini, figo, moyo kwa kipimo cha eko kwa sababu doksorubisini inaweza kuudhoofisha, virusi vya UKIMWI, na homa ya ini aina ya B. Hiyo homa ya ini inaweza kulala mwilini kimya ikaamshwa na dripu, ikaua ini. Ikijulikana mapema kuna dawa ya kuizuia. Anayeishi na VVU hutibiwa saratani kama mwingine na haachi dawa zake za kufubaza virusi, ila daktari azijue zote kwa majina ili asizigonganishe. Na mjamzito pia hutibiwa. Zile dawa mbili za mwanzo, doksorubisini na siklofosfamidi, zinaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mionzi na dawa za homoni husubiri mpaka ajifungue.

Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo wa siku moja au mbili zinazofuata huwa mwekundu. Hiyo si damu. Lakini dawa ikiwa inaingia na ukasikia mkono unaungua penye sindano, piga kelele saa hiyo hiyo, usivumilie kwa adabu. Dawa ikitoka nje ya mshipa huunguza nyama hadi kidonda kirefu. Nywele hudondoka wiki ya pili au ya tatu, na hurudi matibabu yakiisha. Kichefuchefu kina dawa nzuri, ondansetroni na deksamethasoni. Zinywe kwa saa ulizoandikiwa, usingoje utapike kwanza. Paklitakseli huleta ganzi kwenye vidole. Ukianza kushindwa kufunga vifungo vya nguo, sema, dozi inaweza kurekebishwa.

Na hili tunalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu tuko Tabora na malaria ni ya kila siku. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, askari weupe wa damu hushuka mno. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura. Tunajua inavyokuwa: mgonjwa anatetemeka usiku, mtoto anatumwa duka la dawa muhimu, analetewa mseto na panado, homa inashuka, kila mtu analala. Panado imeficha moto, bakteria wako kwenye damu. Kufika asubuhi mgonjwa hajitambui. Nunueni kipimajoto cha kidijitali kabla ya dripu ya kwanza. Kikisoma 38, mgonjwa aende hospitali usiku huo huo, awekewe antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Malaria ipimwe pia, lakini matokeo ya malaria yasisubiriwe ndipo antibiotiki ianze, na hata malaria ikionekana, antibiotiki bado inahitajika. Juu ya daftari la kliniki andikeni kwa kalamu nene: "Anatumia dawa za saratani. Dripu ya mwisho tarehe fulani." Muuguzi wa zamu ya usiku hatawajua, daftari litawasemea.

Siku 21 ni siku 21. Wengine husema mwili upumzike mwezi na nusu. Mwili unapumzika, na saratani nayo inapumzika ikijipanga. Sababu halali ya kuahirisha ni damu: askari wale, aina ya neutrofili, madaktari wengi huwataka wasipungue 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Ukiambiwa urudi wiki ijayo kwa sababu hiyo, rudi kweli wiki ijayo. Barabara ya kijijini ikikatwa na mvua za Januari, toka siku mbili kabla.

Mionzi ni rahisi kuliko inavyoogopwa. Unalala kwenye mashine dakika chache, husikii chochote. Zamani ilikuwa siku 25 kwa wiki tano. Siku hizi vituo vingi hutoa siku 15 kwa wiki tatu na matokeo ni yale yale. Kwa baadhi ya wagonjwa hata siku 5 zinatosha. Uliza kituo chako kinatoa ngapi, ili upange pa kulala na chakula. Alama za wino walizokuchora kifuani usizisugue. Ngozi itakuwa nyeusi na kuwasha kama iliyoungua jua. Vaa kitambaa laini cha pamba, usipake manukato. Hutoki na mionzi mwilini, mbebe mjukuu wako.

Sasa kidonge. Kwa mwenye ER chanya, tamoksifeni miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa miaka mitano, na kwa wengine hadi kumi. Miaka mitano ni vidonge 1,825. Dawa hii ndogo hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Hakuna tiba tunayoisikitikia kama hii, kwa sababu wengi huiacha mwaka wa pili. Kidonda kimepona, nywele zimerudi, mama analima, anajiuliza anameza dawa ya nini. Anameza kwa ajili ya chembe moja iliyojificha ambayo hakuna mashine inayoiona. Ukisahau asubuhi, kunywa jioni. Ukisahau siku nzima, usimeze viwili kesho. Nunua au chukua ya mwezi ujao kabla ya mwezi huu kwisha. Joto la ghafla mwilini litakuja, mara nyingi hupungua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikatoka ukeni wakati hedhi ilishakoma, nenda hospitali mara moja. Rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha sana dawa hii, kwa hiyo ukianza dozi ya kifua kikuu waambie. Usipate mimba ukiwa unaimeza. Kwa uzazi wa mpango tumia kitanzi cha shaba au kondomu. Vidonge vya majira, sindano na vijiti vina homoni ambazo ndizo tunazopigana nazo. Aliyekoma hedhi anaweza kupewa anastrozoli au letrozoli badala yake. Hizo hulegeza mifupa, kwa hiyo maziwa, dagaa, na kutembea.

Kwa mwenye HER2 chanya ipo trastuzumabu, sindano ya kila wiki tatu kwa mwaka mmoja, huku moyo ukipimwa kila miezi mitatu. Ni ghali. Zimekuja nakala zake za bei nafuu na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2015. Uliza upatikanaji wake na kama bima yako inaigharamia, kabla ya kukata tamaa.

Na yule ambaye saratani imefika kwenye mifupa au mapafu? Hatutamdanganya kwamba itaondoka kabisa. Lakini kutibiwa anatibiwa. Kidonge peke yake kinaweza kuituliza miaka, kama ER ni chanya. Mfupa unaouma unaweza kutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Morfini ya maji hunywewa kwa saa, kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Morfini haimalizi mtu. Inamrudishia usingizi na hamu ya kuongea na wanawe. Msimnyime mgonjwa kwa kuogopa jina.

Kuhusu waganga wetu, tunasema kwa heshima, maana wengi wao ndio wa kwanza kuona titi hili. Msilichanje chale, msilikande kwa maji ya moto wala kulibandika majani yanayochubua. Kidonda kikifunguka, kisu kinakuwa kigumu zaidi. Mizizi ya kunywa isichanganywe na dripu, ini ni moja na linabeba vyote viwili. Asali ya Sikonge ni chakula kizuri kwa mgonjwa, haiui saratani. Mganga anayemwambia mama "nenda hospitali ya Kitete kwanza" amemtibu.

Fedha hatuwezi kuzikwepa. Bima ikiwapo, ulizeni mapema inalipia nini. Isipokuwapo, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali siku ya kwanza kabisa, na barua ya mtendaji wa kata au kijiji, wala msingoje deni likue. Vikundi vya vikoba, tunawaomba mfungue mfuko wa nauli ya mgonjwa. Michango ya msiba tunaijua sote ilivyo mikubwa. Theluthi yake tu, ikitolewa mgonjwa angali hai, inampeleka Mwanza na kumrudisha mara kadhaa.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilijiwekea lengo kwamba tangu mtu aonekane kituoni mpaka ajulikane ana nini zisipite siku 60. Wahudumu wa afya, hizo ndizo siku zenu. Ukimpa mtu rufaa leo, mpigie wiki ijayo. Muulize: umefika? Kinyama kimechukuliwa? Majibu ni lini? Maswali matatu, dakika mbili za simu.

Sasa tunafungua maswali. Wenye karatasi za majibu waje nazo meza ya kushoto, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari. Wanaotaka kupimwa wakae chini ya mwembe, wauguzi wawili wako tayari na pazia limeshafungwa. Tutaanza na akina mama wa Sikonge, kwa sababu basi lao linaondoka saa nane.